Kopo Lisilo na Nge

Tangu asubuhi natafuta pa kuanzia, maana huyu mtu hakuwa na mwanzo ninaoujua. Nilimkuta kule Makongolosi, kwenye mgodi wa dhahabu, akiwa tayari mtu mzima, amesimama nyuma ya meza ya kupigia pasi, na sikumwuliza alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Kinyakyusa chake kilikuwa cha kwetu bondeni, hilo lilinitosha. Watu wote walimwita Dobi, Wazungu kwa Waafrika, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini ukimwita kwa hilo alichelewa kuitika, kana kwamba unamwita mtu aliyesimama nyuma yake.

Ninachotaka kusimulia ni jinsi alivyoambiwa achague kati ya pasi yake na sokwe wake. Lakini nikianzia hapo utasema alikuwa na wazimu, na wengi walisema. Kwa hiyo kaa kidogo. Mimi shule niliishia darasa la pili, sijui kupanga habari kama waandishi, nitakupa kama zinavyokuja.

Mimi nilikuwa nakaanga maandazi. Mume wangu alikuwa anashuka shimoni kutafuta dhahabu ya watu, na mimi banda langu lilitazamana na banda la Dobi, katikati ni njia ya mikokoteni tu. Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa namtazama, nitake nisitake. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, na juu ya mlango blanketi la kijivu, na juu ya blanketi shuka lenye alama za pasi kila upande, kama nyayo za bata. Alisimama pale toka jua linachomoza, anapepea mkaa, anatukana nguo.

Ndiyo, alitukana nguo. Watu hakuwatukana. Akimwona mlevi anamwamkia kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwenzangu, pita salama," kwa heshima kabisa. Lakini suruali yenye mikunjo migumu aliisema mpaka nikaona haya mimi. "Wewe umekaliwa na mtu mvivu, sasa unataka kunivivusha na mimi." Kisha akimaliza kuinyoosha anaipapasa kama mtoto aliyelala.

Na alikuwa msafi wa nguo za wenzake tu. Shati lake lilikuwa na kola nyeusi kama kitako cha sufuria. Nikamwambia siku moja, "Dobi, unatutia aibu sisi majirani. Fua hilo."

"Nikilifua nitavaa nini likiwa linakauka?"

"Vaa jingine."

"Lipo wapi?" akasema, na kweli alikuwa nalo hilo moja, na banda zima nyuma yake limejaa mashati ya watu arobaini. Hakuwahi kuazima hata moja. Namjua dobi mwingine wa pale Chunya aliyekwenda harusini na suti ya karani wa posta, akakutana na karani huyo huyo mlangoni. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Jambo ambalo watu hawalijui kuhusu madobi ni kwamba wanajua kila kitu. Nguo inasema. Nani anakunywa, nani anatokwa damu puani usiku wala hasemi kwa mkewe, nani anakula vizuri kuliko anavyojidai, nani amelilia kwenye mkono wa shati. Dobi alijua mgodi mzima. Mimi mwanamke wa maandazi, napenda habari, sikatai, nikawa namchokonoa. "Lile shuka la nyumba ya tatu mbona unaliangalia hivyo?" Ananijibu jibu lile lile kila siku: "Niliyoyaona kwenye nguo niliyafua, Mama Tupo." Miaka yote hiyo sikupata kwake hata uvumi wa kutia kwenye chai. Kumbuka hilo, kwa sababu mtu aliyefunika siri za wengine namna hiyo, siri yake mwenyewe ilitolewa nje mchana kweupe, tena na mwanafunzi wake.

Wanafunzi. Alikuwa na kasoro, hakujua kufundisha kwa mdomo. Walikuja watu watatu kwa nyakati mbalimbali, wanaume wazima waliochoka na shimo, wakitaka kujifunza kazi ya juu ya ardhi. Dobi anawaweka kando ya meza anasema, "Tazama." Anapiga pasi shati zima. Anawatazama. Hawajui waulize nini. "Umeona?" Wanasema wameona. Anawapa pasi, wanaunguza. Anachukua pasi anasema tena, "Tazama." Wa tatu alikaa wiki mbili, siku ya kuondoka akaniambia, "Dada, yule mzee ana siri anaificha." Hakuwa anaficha kitu. Aliamini kweli kwamba kila kitu kiko kwenye mikono yake, wazi, mtu atazame tu.

Sasa sokwe.

Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyekuwa anachimba peke yake upande wa mtoni, mwenye ndevu nyekundu, na shimo lake likakauka kama mengi yalivyokauka miaka ile. Alikuwa na sokwe mdogo aliyemnunua huko upande wa Kigoma akiwa bado wa kubebwa. Siku moja akaja kwa Dobi na begi la nguo chafu, akamfunga sokwe kwenye nguzo, akasema anakwenda Mbeya, atarudi Jumatatu. Nguo zilifuliwa, zikanyooshwa, zikakunjwa. Jumatatu nyingi zikapita. Mwishowe Dobi akafungua ile kamba kwenye nguzo, maana alisema inamwumiza shingo, na sokwe hakwenda popote. Alipanda juu ya kasha la sabuni akakaa. Yule Mzungu alikuwa anamwita Kapteni. Dobi akamwita Mwenzangu.

Wiki ya kwanza alikuwa balaa. Aling'oa vibanio vyote vya nguo kwenye kamba, mashuka yakaanguka kwenye vumbi, Dobi akafua upya toka mwanzo. Hakumpiga. Alianika tena shuka moja moja, polepole, na yule sokwe akateremka kwenye kasha akaja kusimama karibu na kiwiko chake, anatazama. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nageuka kutoa maandazi kwenye mafuta, nikarudi kwenye sinia, sinia tupu. Nikasema leo nimeibiwa. Kunyanyua macho, naona maandazi yangu kumi na mawili yananing'inia kwenye kamba ya Dobi, kila andazi na kibanio chake, yamepangwa mstari, na sokwe anaweka la mwisho sawa kwa kidole.

"Dobi, njoo uone mnyama wako alichofanya."

Dobi akaja. Akakagua kamba kutoka mwanzo mpaka mwisho kama anavyokagua kazi. "Yamekaa vizuri," akasema.

Nilikasirika siku ile, lakini nikaanza kutazama. Na nikagundua kitu. Tupo wangu alikuwa anaanza kutembea, na mtoto ukimwonyesha kitu anakutazama usoni, anataka kujua umefurahi au umenuna. Yule sokwe uso hakuwa na haja nao. Macho yake yalikuwa kwenye kitu: kibanio, ndoo, komeo la mlango, na kwenye mkono ulioshika kitu. Anatazama, anakwenda kujaribu, anashindwa, anarudi kutazama tena palepale aliposhindwa. Nilimwona akirudi mara nne kwa ajili ya komeo tu. Mara ya tano akalifungua, akaingia ndani, akatoka, akalifunga. Hakuchukua kitu. Alikuwa anataka komeo.

Na ndiyo naja kwenye habari ya kopo.

Dobi aliweka wanga wa kukazia kola kwenye kopo la bati lenye picha ya ndege. Kabla hajalifungua, alikuwa anagonga mfuniko mara mbili kwa kidole, kon kon, ndipo anafungua. Kila mara. Na akitaka kujua kama pasi imepata moto, anailetea shavu karibu, anafumba jicho la kushoto, anasikiliza joto. Hayo niliyaona kila siku ya Mungu.

Siku moja malaria ikamlaza. Amelala kwenye jamvi pembeni ya meza anatetemeka, na mashati ya nyumba ya meneja yanangoja. Nikasema, baba, lala, nitafanya mimi. Nilikuwa nimetazama miaka mitatu. Nikaleta mkaa, nikagonga kopo kon kon, nikafungua, nikachanganya wanga. Nikaleta pasi karibu na shavu, nikafumba jicho la kushoto. Nikapiga shati la kwanza, na halikuungua. Nilijisikia mkubwa. Nageuka, naona jamvi linatikisika. Nikadhani ni homa. Kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

"Mama Tupo, kwa nini umegonga kopo?"

"Si ndivyo inavyofanywa?"

"Kwa nini?"

Nikasema labda wanga hushikamana.

"Nagonga kwa sababu kopo la zamani lilikuwa na mfuniko mbovu, nge akaingia, akaniuma hapa. Kopo hili mfuniko wake unakaza, hata sisimizi hapiti. Mkono wangu tu ndio haujapata habari."

"Na jicho?"

"Cheche ya mkaa iliniingia nikiwa kijana. Tangu hapo linajifumba lenyewe." Akajifuta machozi, akageukia kwenye kasha la sabuni. "Mwenzangu. Wanga."

Sokwe akashuka. Akachukua kopo, hakugonga, akazungusha mfuniko akaufungua, akauweka mezani. Akarudi kukaa.

"Umeona?" Dobi akasema. "Yeye alikuwa anatazama kopo. Wewe ulikuwa unanitazama mimi."

Sikujua kama nimetukanwa au nimesifiwa. Mpaka leo sijui vizuri. Lakini nitasema ukweli wangu: tangu siku ile nilijua kwamba hakuna nge, na bado niligonga. Nyumbani nikagonga kopo la chumvi. Nikagonga la unga. Tupo alipokua akagonga, na hakuna aliyemfundisha.

Sasa siri yenyewe. Nguo iliyokauka sana haishiki pasi, lazima uinyunyizie maji, na maji yawe membamba kama ukungu wa Mbeya asubuhi. Dobi alichota funda kwenye bakuli, akavimbisha mashavu, akapuliza, fuuu, na ukungu unashuka kwenye nguo sawasawa. Madobi wote walifanya hivyo. Ila Wazungu hawakutakiwa kujua kwamba mashati yao yamepita karibu na meno ya mtu. Kwa ajili hiyo Dobi alikuwa na chupa ya bia ambayo kizibo chake alikitoboa kwa msumari. Akisikia gari la memsahib, mke wa meneja wa mgodi, bakuli linashuka chini ya meza, chupa inapanda juu. Chupa ile haikufaa kwa lolote, ilitoa matone makubwa yanayoacha madoa, kwa hiyo alikuwa anaitikisa hewani, kando kidogo ya nguo, mpaka memsahib aondoke. Mimi nilikuwa nageuka ukutani nisije nikacheka.

Memsahib hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapenda maandazi yangu, na alikuwa na upweke, hilo hata mimi nisiyefua nguo zake nililiona. Jumatano moja akaja mwenyewe kuchukua blauzi yake nyeupe ya hariri, kuna wageni wanakuja. Dobi akasikia gari, akabadilisha bakuli na chupa.

"Dobi, blauzi yangu tayari?"

"Bado kidogo tu, memsahib." Na chupa ikaanza kazi, huku na huku, hewani.

Sokwe alikuwa kwenye kasha lake. Nilimwona anaitazama chupa, kisha anaitazama blauzi, kavu, kisha tena chupa, kama fundi anayemvumilia mtu asiyejua kazi. Nikaacha maandazi kwenye mafuta, sijui kwa nini, labda niliona kabla. Akashuka. Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa bakuli, akapiga funda. Akavimbisha mashavu. Fuuu.

Niseme haki. Ukungu ule hata Dobi mwenyewe hakuwahi kuupata. Hapakuwa na tone. Blauzi ilipata unyevu wote kwa pamoja kama jani alfajiri. Sokwe akaivuta pembe ikanyooka, akamnyooshea Dobi mkono, anangoja pasi.

Memsahib alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Aliitazama blauzi, akalitazama bakuli, akaitazama chupa iliyokuwa bado mkononi mwa Dobi. Alikuwa mwanamke mwenye akili.

"Dobi. Nani fundisha yeye hii?"

Mimi toka upande wa pili wa njia nikamwambia kwa Kinyakyusa, kana kwamba naita mtoto, kwamba aseme ni yule Mzungu wa ndevu. Amekwenda, hatarudi, hatajua. Dobi alinisikia. Akajifuta mkono kwenye lile shati lake.

"Mimi, memsahib," akasema.

Alipoondoka nilivuka njia. "Kwa nini hukusema ni Mzungu? Neno moja tu, baba."

"Yule Mzungu hawezi hata kukunja soksi. Umeona lakini alivyopuliza? Halafu niseme ni kazi ya mtu mwingine?"

Na alikuwa anatabasamu, mjinga yule.

Alhamisi asubuhi mpishi wa memsahib alileta maneno. Askari wa mgodi atakuja Jumamosi na bunduki, amalize habari ya mnyama. Dobi akikubali atabaki na kazi yake, ila atapigia pasi barazani kwa meneja, aonekane. Asipokubali, aache pasi mezani aondoke na mnyama wake. Maana pasi ilikuwa mali ya mgodi. Miaka kumi na zaidi ameishika yeye, mpini umepata umbo la kiganja chake, lakini ilikuwa mali ya mgodi. Na dobi asiye na pasi ni mtu tu mwenye mikono yenye mabaka.

Nikamkalia. "Wewe unazijua kola za meneja. Ile rangi ya midomo si ya mke wake, hata mimi nimeiona kwenye kamba. Mpelekee neno moja, bunduki itarudi kabatini leo hii."

"Niliyoyaona kwenye nguo..."

"Basi acha. Mtoe huyo mnyama. Ni mnyama, Dobi. Utakula nini? Utakwenda wapi na umri huo bila pasi?"

Alikuwa anapiga pasi mto, hakuinua kichwa. "Watu watatu walikaa pale kujifunza, Mama Tupo. Watatu, na wote nimewaambia watazame. Huyu hakuambiwa." Akageuza mto. "Sasa aje mtu ampige risasi kwa sababu alitazama vizuri?"

Siku ile yote alipiga pasi. Hakutukana nguo hata moja. Ijumaa asubuhi nikafika, naona nguo zote za mgodi zimekunjwa zimepangwa, blauzi ya hariri juu kabisa, na kando yake ile chupa yenye kizibo cha matundu. Pasi alikuwa ameimwaga majivu, ameifuta mpaka inang'aa, ameiweka katikati ya meza, mpini umeelekea mlangoni, atakayekuja aishike bila kuzunguka. Hapo ndipo nilipolia kidogo, kwa ajili ya mpini.

Lakini sikupata nafasi ya kulia sana, kwa sababu ya lori.

Ijumaa lilikuwa linaondoka lori la kwenda Mbeya. Dobi alikuwa amemvalisha sokwe koti kuukuu la yule Mzungu wa ndevu na kofia yake, na kumfunga kitambaa cheupe kuzunguka taya, kilichopigwa pasi safi, mtu angedhani ni mgonjwa aliyetoka hospitali ya misheni. Yaliyoonekana ni macho tu. Walisimama kwenye mstari wameshikana mikono.

Utingo akauliza, "Huyu vipi, mzee?"

"Ndugu yangu. Jino."

"Pole sana, mzee," utingo akamwambia sokwe, na sokwe akamtazama kwa huzuni. Dobi akatoa nauli mfukoni akaiweka kwenye kiganja cha utingo. Sokwe akaona. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatafuta tafuta, akatoa kibanio cha nguo, akakiweka kwenye kiganja hicho hicho.

Utingo alikitazama kibanio. Akautazama mkono uliokitoa, manyoya mpaka kwenye vidole.

"Kweli ndugu yako huyu," utingo akasema mwishowe. "Mnafanana tabia. Pandeni mkae nyuma kabisa, na akianza fujo, mimi sikuwaona."

Jumamosi askari alikuja na bunduki, akakuta pasi.

Mwaka uliofuata mgodi ulipunguza watu, mume wangu akiwamo, tukahamia Iyunga, pale Mbeya, na nikamkuta Dobi kando ya barabara kuu, ana banda jipya na pasi mbovu ambayo kifungo cha mfuniko wake, chenye umbo la jogoo wa bati, kilikuwa kimevunjika akakifunga kwa waya. Sasa alipuliza maji mbele ya watu wote, hana tena cha kuficha, na wateja walikuja wengi kuliko zamani, nusu yao kumwona Mwenzangu. Yeye na sokwe walikuwa wanapuliza kwa zamu. Lakini sokwe alikuwa amekua. Akikukumbatia unasikia mbavu. Aling'oa mlango wa banda kwa kutaka tu kuona komeo la upande wa pili likoje. Na baridi ya mwezi wa sita ya kule haikumpenda. Asubuhi unamkuta amejifunika shuka la mtu, limetoka kwenye pasi sasa hivi, bado lina moto, amejikunyata kama bibi. Dobi alikuwa anayapiga pasi mashuka yale mara mbili, mara moja kwa mwenye shuka, mara moja kwa sokwe.

Kisha mama yangu akaugua, nikaenda kumuuguza miezi mingi. Niliporudi, banda lilikuwa tupu. Wakasema Dobi amekwenda Iringa. Na sokwe? Kila mtu na lake. Huyu anasema alikufa kwa baridi, yule anasema alimvunja mtu mkono wakampiga risasi. Kama ni risasi, basi yote yale ya Makongolosi yalikuwa ya bure, pasi na lori na kila kitu. Hilo lilinikaa rohoni kama mfupa wa samaki.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini vumbi la shimoni lilianza kudai kifua cha mume wangu. Tukaambiwa twende Tosamaganga, hospitali ya misheni kule Iringa, na kweli walimpokea vizuri. Siku ya tatu nikachukua shati lake kwenda kulifua, nikauliza mahali pa maji, wakanionyesha nyuma, jengo refu lenye moshi. Nikaingia. Mashuka kila mahali, meupe, kama nimeingia ndani ya wingu. Na mwisho wa chumba, nyuma ya meza, amesimama yeye.

Alikuwa amepungua. Shati lake lilikuwa safi, nadhani masista walimshinda. Alikuwa anakunja foronya kwa kupapasa pindo, na uso ameuelekeza ukutani, na nilipokaribia nikaona macho yote mawili yameingia ukungu. Nilitaka kumwita. Nikasimama pale na shati la mume wangu lenye harufu ya hospitali, na mezani mbele yangu lilikuwapo lile kopo, lilelile, ndege amefutika amebaki bawa moja. Nikasema basi, nitachukua wanga kidogo kwa ajili ya kola, huku najipa moyo wa kusema. Mkono ukaenda wenyewe. Kon kon. Nikafungua.

Foronya ikasimama hewani.

"Mama Tupo," akasema.

"Umenijuaje, baba, na macho yamekwenda?"

"Hapa wote wanafungua tu. Ni wewe peke yako unayempigia hodi wanga."

Tulishikana mikono muda mrefu, Kinyakyusa kinatutoka sote wawili kwa pamoja. Nikampa habari za mume wangu, akasikiliza mpaka mwisho, akashika lile shati akalipapasa kwapani na kwenye kola, akasema, "Atapona kwa kiasi." Na kweli alipona kwa kiasi. Kisha nikauliza nililokuja nalo toka Iyunga.

"Nilimpeleka mwenyewe kwa Bwana Nyama, yule mkuu wa serikali wa wanyama wa porini," akasema. "Alikuwa hatoshi tena kwenye banda. Wala kwenye Mbeya. Kwa bunduki nilikataa, lakini hilo niliona ni haki. Wakamtia kwenye kreti wakampeleka kwenye misitu ya kwao, upande wa ziwa. Nikamwambia askari wa wanyama, ukirudi utanieleza, nami nitakufulia bure mpaka nife."

"Akarudi?"

"Akarudi. Anasema walifungua mlango, akatoka, akakaa chini. Hatazami msitu. Anamtazama askari anavyofunga komeo la kreti. Lilikuwa komeo la aina mpya, la kuzungusha. Askari alipomaliza, yeye akaenda akalifungua. Akalifunga. Akalifungua tena. Halafu akaridhika, akaenda zake."

Nilicheka mpaka sista mmoja akachungulia mlangoni. Dobi naye, mabega yakawa yanatikisika kama siku ile kwenye jamvi.

"Huko porini atakuwa bado anapuliza maji?" nikauliza.

"Apulizie nini? Hakuna shati. Ameshaacha." Akasema hivyo bila huzuni, kama mtu anayetoa hesabu ya mwanafunzi aliyefaulu. Kisha akatafuta shuka kwa mkono, akanirushia ncha mbili. "Shika hapo, Mama Tupo. Usivute."

Tukakunja. Akachukua pasi, akaileta karibu na shavu kusikiliza joto, na jicho la kushoto, lile lililotangulia kufa, likajifumba. Na mimi upande wa pili wa shuka, sina pasi, sina moto, nikafumba la kwangu.